Walinzi wa Chumba cha Mitambo



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi. Nilipohamia nchi hii nikiwa mtu mzima, riziki yangu ya kwanza niliipata katika chumba cha mitambo cha jengo la ofisi, kabla sijaingia utumishi wa umma niliostaafu nao. Nasikia baadhi ya vijana wetu wakiidharau kazi ile kwa kuwa hufanyika chini ya ardhi na huchafua mikono. Naomba niitetee.

Apitaye katikati ya Toronto huona vioo vya maghorofa. Haoni boila, pampu, feni na mabomba yanayoyapa uhai. Tangu mwaka 2004, majengo mengi ya mjini hupozwa kwa baridi ya Ziwa Ontario: maji ya nyuzi 4 hivi huvutwa kutoka kina cha mita 83, yapata kilomita 5 kutoka ufukoni. Baridi yake huhamishiwa katika maji mengine yanayozunguka majengoni, na yale ya ziwani huendelea na safari hadi kwenye mifereji ya nyumba zetu, tukayanywa. Huo ni ustadi mkubwa. Hata hivyo, lazima awepo mtu wa kuisikiliza pampu, kubadilisha vichujio, kutia grisi na kuandika vipimo daftarini.

Asipokuwapo, hasara si ya fedha pekee. Mwaka 2005, katika makao ya wazee huko Scarborough, bakteria wa Legionella waliomea katika mnara wa kupozea walisambaa hewani, na wazee zaidi ya 20 wakafariki. Maji ya mnara yakitiwa dawa na kupimwa kwa wakati, maradhi hayo huzuilika. Basi mwenye ufunguo wa chumba kile amekabidhiwa roho za watu.

Wala si kazi ya kubahatisha. Hapa Ontario, waendeshaji wa mitambo ya mvuke hutahiniwa na kupewa vyeti vya madaraja manne, kuanzia la 4 hadi la 1. Mtihani peke yake hautoshi; sharti mtu apate pia saa za mazoezi mbele ya mitambo yenyewe. Wapo jamaa zetu waliokuwa mafundi hodari nyumbani, ambao leo wanafagia sakafu juu ya mitambo wanayoifahamu, kwa kukosa ada ya mtihani na mtu wa kuwaonyesha njia.

Kwa hiyo naiomba Kamati itenge sehemu ya michango yetu kwa ajili ya vitabu na ada za mtihani kwa wageni hao, na mafundi waliotangulia wawashike mkono. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukoo nao ni jengo, huhitaji watunzaji.