Mharamia au Mkulima? Juu ya Haja ya Kiyunani katika Shahada za Juu



Mwaka 2021 idara ya ilmu za kale ya Chuo Kikuu cha Princeton iliacha kuwalazimisha wanafunzi wake wa shahada ya kwanza kusoma Kiyunani au Kilatini, kwa nia ya kuwafungulia mlango wale ambao shule zao hazikuwa na walimu wa lugha hizo. Nia hiyo ni njema, wala siigombi. Ninayegombana naye ni mwenzangu mmoja wa historia, mtu ninayemstahi sana, ambaye ameichukua ruhusa ya mwanafunzi mchanga na kumvika nayo mtafiti wa uzamivu, akidai kwamba kijana wetu anayetaka kuandika juu ya zama za kale atosheke na tafsiri, maadamu tafsiri zipo na miaka ni michache.

Na tuipime hoja hiyo mahali inapotugusa. Maelezo makongwe kabisa ya pwani yetu yaliyotufikia yamo katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu kidogo cha Kiyunani cha karne ya 1, kazi ya mtu wa Misri ambaye jina lake limepotea. Hakuwa mshairi wala mwanafalsafa; lugha yake ni ya forodhani na sokoni, nami nampenda kwa sababu hiyo hiyo. Ataja Rapta, soko la mwisho la Azania, yaani pwani yetu, lililopewa jina kwa mashua zake za kushonwa, jamaa za mitepe yetu; ataja pembe za ndovu na magamba ya kasa; ataja manahodha wa Kiarabu waliotumwa kutoka Muza, bandari ya Yemeni, waliozoeana na wenyeji, wakaoana nao, wakaijua lugha yao. Hata shehena aifungua mbele yetu: mikuki iliyofuliwa Muza, mashoka, visu, vyombo vya kioo, kisha divai na ngano, ambazo hazikuletwa kuuzwa bali kuvuta mapenzi ya wenyeji.

Wenyeji hao, asema, walikuwa watu wa miili mikubwa. Je, walikuwa watu gani? Tafsiri ya Schoff ya 1912 yawapa tabia za uharamia. Ya Casson ya 1989 yawaita wakulima. Ikhtilafu hii haikutokana na uzembe wa mfasiri yeyote: nuskha ya karne ya 10 iliyohifadhiwa Heidelberg ina neno lenye maana ya ‘wanaoonekana’, lisilokaa vema mahali pale, na wahakiki wamelisahihisha kila mmoja kwa ijtihadi yake. Asiyejua Kiyunani atahukumu kwa mizani gani? Atashika kitabu kilicho karibu na mkono wake, na juu yake ajenge sura nzima ya historia ya wahenga wetu.

Nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni, mwalimu wetu alitutandikia mezani picha ya ukurasa ule akamtaka kila mmoja atetee usomaji wake. Nilishika upande wa mkulima, kwa kuwa ‘oratoi’, neno la nuskha, yakaribia mno ‘arotai’, wakulima, irabu zikiwa zimepishana tu chini ya kalamu ya mnukuzi. Najua kwamba wepesi wa sahihisho si dalili ya kutosha, na kwamba mwenye kulihifadhi neno la nuskha ana hoja yake. Hata hivyo sijahama.

Mwenzangu ataja pia uzito wa mitihani ya uzamivu, kutafsiri matini za Kiyunani na Kilatini na kusoma wahakiki wa Kijerumani na Kifaransa. Ni kweli; lakini vyuo kadhaa vya Marekani, Pennsylvania kimojawapo, vina masomo ya baada ya shahada ya kwanza kwa waliochelewa kuanza. Na kwamba mwanzo mgumu haumfungii mtu mlango, shahidi ni William Sanders Scarborough, aliyezaliwa mtumwa Georgia mwaka 1852, akachapisha kitabu cha kufundishia Kiyunani mwaka 1881.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Chuo liajiri mwalimu mmoja wa Kiyunani, na liweke sharti kwamba mtafiti wa uzamivu atakayeandika juu ya Azania aketi kwanza mbele ya ukurasa ule wa Heidelberg, ausome mwenyewe, na kuutetea usomaji wake mbele ya watahini.