Gita la Babu Seya

Msikilizaji, jioni wachukuzi wakipakua mizigo ya meli hapa gatini Nansio, redio za madukani hupiga zilipendwa. Nyimbo za bendi ya Maquis hazikosekani, na ndani yake kuna gita la Nguza Viking, maarufu kama Babu Seya. Gita tamu kweli, linalochombeza mpaka mtu anasahau bei ya dagaa.

Lakini Juni 2004 Babu Seya na wanawe watatu walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kubaka na kulawiti watoto wa shule ya msingi, Dar es Salaam. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wana wawili; yeye na mwanawe Papii Kocha wakabaki gerezani. Walisisitiza kuwa hawana hatia. Desemba 9, 2017 Rais Magufuli aliwasamehe, na Machi 2018 Mahakama ya Afrika, Arusha, ikaona haki zao zilikiukwa katika baadhi ya hatua za kesi. Msamaha uliwatoa gerezani. Haukutamka kwamba watoto wale walisema uongo.

Je, nyimbo zake zipigwe bado? Ulaya nako wangali wanabishana juu ya muziki wa mtunzi Wagner na chuki yake kwa Wayahudi. Kwetu, wimbo wa dansi ni jasho la bendi nzima: waimbaji, wapuliza tarumbeta, mpiga besi. Kuufungia ni kuwaadhibu wasiohusika.

Watangazaji wenzangu, pigeni wimbo, tajeni bendi, ila acheni kumpamba Babu Seya kwa sifa za ushujaa. Watoto wale sasa ni watu wazima, na redio wanaisikiliza.