Gari la Kutufaa



Kati ya mwaka 1973 na 1974 bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne, na nchi yetu ikaumia. Agosti 2022, miezi michache baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, lita ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410. Bei ya dunia hatuipangi sisi. Tunachopanga ni gari la kununua.

Tupige hesabu kwa bei hiyo. Mtumishi anakwenda kilometa 40 kwa siku. Gari la kilometa 8 kwa lita litakula lita 5, yaani shilingi 17,050. Gari dogo la kilometa 16 kwa lita litakula nusu yake. Kwa siku 22 za kazi, tofauti ni shilingi 187,550. Fedha hizo zingelisha nyumba au kumsomesha mtoto.

Lakini hapa uwanjani tunapimana kwa ukubwa wa magari, na vijana wanatutazama. Basi tuwafundishe kuuliza kwanza: linakula mafuta kiasi gani, na vipuri vyake ni bei gani? Heshima ya mtu haimo katika injini.