Kalambo, Katumba na Mahindi: Siasa ya Nje Ikitazamwa Kutoka Ufipa

Mhadhara wa umma uliotolewa Kate, Wilaya ya Nkasi



Mihadhara ya siasa ya nje kwa kawaida hutolewa Dar es Salaam, na wanaoisikiliza ni mabalozi pamoja na wale wanaongojea kuteuliwa. Huu nimeomba uletwe Nkasi kwa makusudi. Mengi ambayo Tanzania husifiwa kwayo duniani, tangu kupigania ukombozi wa Kusini mwa Afrika hadi kupokea wakimbizi, yalitangazwa Dar es Salaam na kutekelezwa mipakani: Mtwara, Ruvuma, Kigoma, na katika mkoa huu wa Rukwa. Hesabu ya gharama zake, kwa maoni yangu, haijawahi kusomwa mbele ya waliozilipa.

Nianze na mto Kalambo. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana ardhi ya watu wengine, na ndani yake mpaka wa eneo lililo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ukaandikwa uishie kwenye mdomo wa Kalambo. Walungu na Wamambwe wakagawanywa, hawa kwa Mwingereza, hawa kwa Mjerumani. Nkansi na Lyangalile, falme mbili za Kifipa zilizotawaliwa na watu wa asili moja na ambazo zilikuwa zimegombana na kupatana zenyewe bila msaada wa Berlin, zikaangukia kwa Mjerumani.

Julai 1964 wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walikutana Cairo. Hoja ya kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru ililetwa na Mwalimu Nyerere. Somalia na Morocco zilikataa, kila moja kwa sababu zake. Wengine walikubali, na mstari uliochorwa Ulaya ukawa wetu kwa ridhaa ya Waafrika wenyewe. Wapo wasomi wanaoliita azimio hilo usaliti wa ndoto ya Afrika moja. Mimi siungani nao, na sababu yangu iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1960, siku chache tu baada ya uhuru wa Kongo, Moshe Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga akisaidiwa na Wabelgiji na makampuni ya madini. Ilichukua hadi Januari 1963 na majeshi ya Umoja wa Mataifa kuirudisha. Moba ya Wakongo inatazamana na mwambao wetu wa Kirando na Kipili. Kwa watu wa mwambao huu, kuvunjika kwa nchi lilikuwa jambo lililomkuta jirani, na serikali changa iliyokuwa na maasi ya wanajeshi wake yenyewe Januari ya mwaka ule ule wa 1964 ilikuwa na haki ya kuogopa.

Lakini tuwe wakweli. Mwaka 1967 Mwalimu huyo huyo alitangaza kwamba mpaka wetu na Malawi unapita katikati ya Ziwa Nyasa, na mwaka uliofuata Rais Banda akajibu kwa kudai sehemu za kusini mwa nchi yetu. Mstari wa Kalambo na mstari wa Nyasa imetoka katika mkataba ule ule wa 1890. Ule wa Kalambo tuliupokea ulivyo. Ule wa Nyasa, unaofuata ufukwe na kutuachia mchanga, tuliukataa. Tanzania inazo hoja za kisheria na hata za ubinadamu, maana mvuvi wa Mbamba Bay hawezi kuwa mhamiaji haramu kila anapotosa nyavu zake. Ila mwanafunzi akiniambia kwamba msimamo wetu ulilegea pale ulipotuuma sisi, sina la kumbishia.

Sasa niende Zambia. Ilipata uhuru Oktoba 1964, shaba yake ikipita kwenye reli za makaburu na walowezi. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa Rhodesia, koloni la Uingereza. Mawaziri wa OAU wakaazimia kwamba Uingereza isipochukua hatua kufikia tarehe 15 Desemba, nchi wanachama zivunje uhusiano nayo. Siku ilipofika, zilizotimiza ahadi hazikufika theluthi moja. Tanzania ilikuwa mojawapo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tumeahidiwa na Uingereza ukazuiwa. Kabla ya hapo, mwaka ule ule, tulikuwa tumeshawaambia Wajerumani wa Magharibi wachukue misaada yao yote, walipotumia sehemu ya msaada wa kijeshi kutushinikiza juu ya ubalozi wa Wajerumani wa Mashariki Zanzibar.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka. Zambia yenyewe, ambayo ndiyo iliyokuwa na Smith mlangoni, haikuvunja uhusiano na Uingereza. Rais Kaunda hakuwa na uwezo huo. Na Mwalimu hakumlaumu. Mafuta yakapelekwa Zambia kwa malori kwenye barabara ya vumbi, mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kazi, na kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kwa mkopo wa China usio na riba. Ule udugu wa kumwachia mwenzio afanye anachoweza, huku wewe ukifanya unachoweza, nauthamini kuliko hotuba zote za Bandung.

Reli hiyo ilipita Tunduma. Ufipa ikabaki na vumbi lake. Wazee waliopo hapa wanakumbuka safari ya Sumbawanga hadi Tunduma wakati wa masika, lori likizama na abiria wakishuka kusukuma. Lami ilikuja zaidi ya miaka thelathini baada ya reli, na nyingi ya fedha zake zilitoka Marekani kupitia mpango wa Changamoto za Milenia. Historia nayo ina mzaha wake: Mchina alimjengea Mzambia njia ya kufika baharini, Mmarekani akamjengea Mfipa njia ya kufika kwa Mchina.

Nikae zaidi kwenye suala la Warundi, kwa sababu hapo ndipo mkoa huu ulipotoa kitu kisichorudi. Mauaji ya Burundi yalianza mwishoni mwa Aprili 1972, na maelfu kwa maelfu ya Wahutu wakavuka kuja kwetu. Makazi ya Katumba yalifunguliwa 1973, Mishamo 1978, yote katika Mpanda, wilaya iliyokuwa ndani ya Rukwa tangu mkoa ulipoundwa 1974 hadi Katavi ilipotengwa. Ulikuwa msitu wa miombo wenye mbung'o. Kaya ikapimiwa hekta tano, ikapewa jembe na mbegu, ikaambiwa ijitegemee, nayo ikajitegemea: mahindi, maharage, mihogo, tumbaku. Kufikia 1985 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikabidhi makazi hayo kwa serikali. Mwaka 1983 Mwalimu alikuwa amekwisha kupewa tuzo ya Nansen, na aliistahili. Baadaye waombaji wapatao 162,000 wakakubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Sijui nchi nyingine Afrika iliyofanya jambo hilo kwa ukubwa huo.

Sasa itazameni miaka yenyewe. Mwaka 1973 hadi 1976 ndiyo miaka ya Operesheni Vijiji. Serikali iliyokuwa ikimpimia Mrundi hekta tano Katumba ndiyo iliyokuwa ikimwambia Mfipa abebe mlango wa nyumba yake aende kijiji kipya. Mkono ulikuwa mmoja, na haukumuuliza yeyote kati yao. Hata uraia ulipotolewa, mwanzoni ulikuja na sharti la kuhama makazi na kutawanywa mikoani. Wenyeji wapya wa Katumba wakakaa miaka wakiwa wamekubaliwa uraia bila cheti mkononi, hawajui kama wapande miembe au wafunge mizigo, hadi sharti likaachwa. Ukarimu wetu ulikuwa wa kweli. Ulikuwa pia ukarimu wa amri, na ndiyo maana ulipochoka, miaka ya tisini, ulichoka kwa amri vilevile: Desemba 1996 wakimbizi kutoka Rwanda walirudishwa kwao wakisindikizwa na askari.

Leo Wizara ya Mambo ya Nje inazungumza diplomasia ya uchumi, tangu sera ya mwaka 2001. Kwa Kate maana yake ni mahindi. Juni 2017 serikali ilipiga marufuku kupeleka mahindi nje, wakati Rukwa ina ziada na mnunuzi yuko Zambia na Kongo. Mnaojua njia za panya za Kalambo mnajua kilichotokea, sina haja ya kueleza mbele ya Mtendaji wa Kata. Februari 2024 Rais Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na katikati ya mwaka Tanzania ikakubali kuiuzia Zambia tani 650,000. Sioni aibu kwamba tuliuza badala ya kutoa. Jirani anayelipa hubaki na heshima yake, na mkulima naye ana ada za shule.

Ninachouliza ni jambo dogo. Makubaliano yale yalifanywa kati ya serikali na serikali, na chakula kimetoka kwenye maghala yaliyojazwa na mikoa kama huu. Huku mashambani bado kuna mlanguzi anayekuja na gunia la lumbesa, akimwaga debe la ziada juu ya kipimo na kuliita desturi. Kama bei aliyolipa Mzambia inajulikana Lusaka, ibandikwe pia kwenye ubao wa ofisi ya kijiji Kate, kabla ya mavuno, ili mtu apime mwenyewe kama udugu huu unapitia mfukoni mwake au unamruka. Nimelisema hili kwa maofisa wa wizara na wamelipokea kwa tabasamu.

Mwenyekiti, nimeambiwa muda wa maswali ni mfupi. Naomba waanze wakulima, wanafunzi wafuate, na walimu wenzangu watakuwa wa mwisho.