Kilomita Zilizorudishwa: Jina, Mauzo na Kubadili Kazi katika Biashara ya Magari

Mhadhara wa umma



Miaka mingi kabla sijawa meneja, na mingi zaidi kabla sijaja kufundisha, niliuza magari yaliyotumika kutoka Japani katika yadi moja ya Dar es Salaam. Siku moja alikuja mwalimu mstaafu, aliyekuwa amelipwa kiinua mgongo chake majuzi. Hakufungua boneti. Aliinama, akapapasa mpira wa pedali ya breki kwa kidole gumba. Ulikuwa umelika hadi chuma kinachungulia. Kisha akatazama dashibodi: kilomita 61,000.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii gari imetembea kilomita hizi tu?"

"Ndivyo inavyosoma, Mwalimu."

Akanishukuru, akaenda zake. Neno kwa neno sikusema uongo. Lakini nilijua kilomita zimechezewa, na nilitaka aamini hazijachezewa. Nitarudi kwa mwalimu huyu.

Hoja yangu jioni hii ni moja: katika biashara ya magari, jina si mali ya kampuni peke yake. Kila gari linalouzwa huliweka rehani jina la aliyeliuza, na akihama kazi huhama nalo, liwe zuri au baya. Nitaieleza hoja hii kwa kumfuata mtu mmoja aliyekaa katika biashara hii karibu nusu karne: Lee Iacocca wa Marekani.

Iacocca, mtoto wa wahamiaji kutoka Italia, aliingia Ford mwaka 1946 kama mhandisi mwanafunzi. Akaiacha meza ya michoro mwenyewe, akaomba kuuza. Mwaka 1956 mauzo ya eneo lake, Philadelphia, yalikuwa mkiani. Akabuni mpango rahisi: mteja atoe asilimia 20 ya bei ya gari la mwaka ule, kisha alipe dola 56 kila mwezi kwa miaka 3. Philadelphia ikapanda hadi kileleni, na Ford ikaueneza mpango huo nchi nzima. Tazameni alichofanya: hakulisifia gari zaidi ya wenzake. Alikaa upande wa mteja, akahesabu mshahara wa mwezi kama anavyouhesabu mwenye nao. Mwezi Aprili 1964 likazinduliwa gari alilolisimamia, Mustang, kwa bei ya kuanzia dola 2,368, na siku ya kwanza tu zikapokewa oda zaidi ya 22,000. Jina lake likavuma.

Lakini jina hilo hilo lina kovu, na nisipolitaja nitakuwa nawauzia gari lenye kilomita zilizorudishwa. Aliagiza gari dogo, Pinto, lisizidi uzito wa pauni 2,000 wala bei ya dola 2,000. Likaingia sokoni mwaka 1970, tangi la mafuta likiwa nyuma ya ekseli ya nyuma. Likigongwa kwa nyuma, tangi liliweza kupasuka na gari kuwaka. Watu waliungua, wengine wakafa. Juni 1978 Ford ikayaita takriban magari milioni 1.5 yarudi kurekebishwa. Bei na uzito vilikuwa vimewekewa kikomo tangu mwanzo; usalama wa abiria haukupewa kikomo chake. Anayeongoza mauzo lazima alibebe hilo. Hawezi kusema ni la wahandisi.

Mwezi uliofuata, Julai 1978, Henry Ford II, mwenyekiti wa kampuni, akamfukuza Iacocca. Mtu aliyekuwa rais wa kampuni akapewa ofisi ya muda katika ghala la spea. Wengi wetu tunaifahamu asubuhi ya namna hiyo: simu haiiti, na uliowasaidia wanapita upande wa pili wa barabara. Wakati huo ndipo mtu hujua lipi lilikuwa la cheo na lipi ni lake.

Novemba mwaka ule akaingia Chrysler, iliyokuwa ikielekea kufilisika. Alimkuta Hal Sperlich, aliyefukuzwa Ford kabla yake. Wawili hao waliwahi kupigania gari la familia lenye nafasi kama ya basi dogo, Ford ikalikataa. Chrysler ikaliunda, na mwishoni mwa 1983 likaanza kutoka kiwandani Windsor, Kanada. Kabla ya hapo ilibidi kampuni ipone kwanza. Iacocca alipunguza mshahara wake hadi dola 1 kwa mwaka, na wafanyakazi wakaombwa nao wakubali kupunguziwa. Januari 1980 Rais Carter alitia saini sheria ya kuidhaminia kampuni mikopo ya hadi dola bilioni 1.5. Mwaka 1983 deni hilo lilikuwa limelipwa lote, miaka 7 kabla ya muda. Kwa maoni yangu, ile dola 1 ilifanya kazi ambayo matangazo hayaiwezi: ilionyesha kwamba anayeomba ameanza kutoa.

Kisha ukaja mwaka 1987. Chrysler ilishtakiwa kwamba mameneja wake walikuwa wakiendesha magari mapya huku waya wa kuhesabu maili umechomolewa, kisha yanauzwa kama hayajatembea. Yalizidi 60,000. Iacocca alijitokeza hadharani akakiri kosa, na wateja wakaongezewa muda wa dhamana. Kukiri hakukuzifuta maili zile, ila kulimpa mteja sababu ya kusikiliza tena.

Hapo nilikumbuka pedali ile ya breki.

Miaka minne baada ya siku ile ya pedali nilihamia kampuni nyingine, yenye magari safi na karatasi za ukaguzi zilizokamilika. Asubuhi moja mwalimu wangu akaingia na mpwa wake. Akaniona mlangoni. Akamshika kijana mkono, wakageuka. Yadi ilikuwa nyingine na mwenye mali mwingine, lakini yeye aliniona mimi.

Niliwafuata hadi getini. Nikamwambia, "Mwalimu, siku ile kilomita zilikuwa zimerudishwa, nami nilijua. Nisamehe." Akanitazama kwa muda. Akasema, "Mimi nilijua siku ile ile, mwanangu. Nilitaka kujua kama wewe utasema." Hawakurudi ndani, nami sikuwaomba.

Wanafunzi wapendwa, mtahama kazi mara nyingi kuliko sisi. Mtakabidhi funguo, kitambulisho na gari la ofisi. Jina halikabidhiwi. Mteja akiinama kupapasa pedali, mwambieni gari limetembea kilomita ngapi kabla hajauliza.