Gari la Nchini na Gari la Ng'ambo: Lipi Lategemewa?



Imezoeleka kusemwa, mitaani na hata maofisini, kwamba gari lililotoka ng'ambo hudumu, na lililoundwa nchini hufa mapema. Usemi huu umerithiwa bila kupimwa, nao una gharama, kwa kuwa mwalimu achukuaye mkopo wa chama cha akiba na mikopo ili anunue gari huufuata.

Historia yasema vingine. Katika miaka ya 1970 Land Rover ndiyo iliyokuwa gari la bwana shamba, la mganga na la mkaguzi wa shule. Ilitoka Uingereza, bodi yake ya aluminiamu haikushika kutu, na fundi wa kawaida aliweza kuifungua na kuifunga kwa spana chache. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, na bei ya mafuta ilipopanda, fedha za kigeni ziliadimika. Gari lile lile lililosifiwa likawekwa juu ya mawe kwa kukosa tairi au kipuri kidogo, na pamba ya wakulima ikalala maghalani ikingoja usafiri. Je, chuma cha Kiingereza kilikuwa kimepungua nguvu? Hasha. Kilichokosekana ni kipuri.

Katika miaka ya 1980, malori ya Scania yaliunganishwa Kibaha, katika kiwanda cha TAMCO. Ni kweli kwamba hayakuwa ya nchini kwa kila kitu, kwani vifaa vyake vikuu vilitoka Sweden. Hata hivyo yalikuwa mengi na ya aina moja. Madereva waliyajua, mafundi waliyazoea, na lililokufa lilitoa vipuri kwa lililo hai. Jina la Scania halijapotea hadi leo katika barabara ipitayo Kahama kwenda Rwanda na Burundi.

Nyumbu lilikuwa jambo jingine. Kituo hicho cha jeshi, kilichoanzishwa rasmi 1985 huko huko Kibaha, kilikusudia Mtanzania asanifu gari lake mwenyewe. Malori yake yalikuwa machache mno. Wanaoyacheka na wanaoyasifu wote huteleza, kwa maana gari lisilofika katika mikono ya maelfu ya watu halina historia ya kudumu wala ya kuharibika. Kenya nayo ilipita njia hiyo: Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari mwaka 1986, magari 5 ya Nyayo yakaonyeshwa 1990, na uzalishaji wa kibiashara haukufuata.

Wakati huo mlango mwingine ulikuwa umefunguka. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na pikapu za Kijapani zikaanza kuonekana kwa wingi. Mitumba ya Japani ikafuata. Huko, gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, kwa gharama isiyo ndogo, na wenye magari huona afadhali kuyauza. Kwa kuwa usukani uko kulia kama hapa nchini, yakapata soko bila taabu.

Toyota iliyotumika basi huaminika Kahama kwa sababu zilizoifanya Scania iaminike: wingi, mafundi na vipuri. Si muujiza wa ng'ambo. Na ina hila zake. Kipimo cha kilomita huweza kurudishwa nyuma. Gari lililotoka kaskazini mwa Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji, huweza kung'aa juu huku chasisi ikiliwa na kutu chini. Mnunuzi ainame atazame. Tena lile lililojengwa kwa lami ya mjini, tumbo likiwa karibu na ardhi, litakwama katika udongo mweusi wa mbuga masika yakianza, hata liwe jipya kiasi gani.

Siku hizi Kibaha huunganishwa pia malori ya FAW ya China. Yatakapozeeka, mwenye lori wa Kakola hatauliza yalifungwa nati mji gani. Atauliza kama pampu ya maji yapatikana Kahama, na ni fundi yupi aliyewahi kuifunga.