Wimbo uko na mwenyewe
(Mazungumzo mbele ya wanachama, Kolwezi)



Leo hatukuja kuongea juu ya unga wala mabati. Tunataka kuongea juu ya Angela Chibalonza. Hapa Kolwezi, kutoka Manika mpaka Dilala, nyimbo zake kama « Ebenezer » na « Uliniumba » zinaimbwa kanisani na kwenye matanga. Tulipouliza katika kikundi kimoja, wengi walisema: « Yule ni Mukenya. » Hapana. Ni mutoto wa Congo, wa upande wa Kivu. Alienda Kenya, akaimba kwa Kiswahili, watu wa kule wakamupokea. Mwezi wa Septemba 2007 alikufa katika ajali ya gari, njia ya Mombasa. Nyimbo zake zingali zinatembea.

Sasa tuangalie kwetu. Mama mumoja, mwanachama, alirudi kutoka Zambia na mabegi mawili. Kule kambini alikuwa anatunga nyimbo na kufundisha kwaya, lakini hakuandika hata moja. Juzi alisikia wimbo wake kwenye simu ya mutoto wa jirani. Kwaya ingine imeurekodi, jina lake haliko. Alituambia: « Nyumba niliacha, shamba niliacha. Ule wimbo njo ulikuwa umebakia. » Tulikosa jibu.

Chibalonza, jina lake liko kwenye sidii zake, na hata hivyo tulisahau alikotoka. Je, yule asiye na karatasi wala sidii?

Sheria iko: ile ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki ya mutunzi, na inchi iko na SOCODA. Lakini ukienda kudai, watakuuliza: unaonyesha nini?

Kwa hiyo tunafungua daftari. Tutaandika maneno ya wimbo, jina la mutunzi, mahali na mwaka. Mashahidi wawili watatia sahihi. Asiyejua kuandika atatuimbia, sisi tutaandika. Wafadhili wetu, daftari na kirekodi kidogo haviombi pesa mingi.

Na ninyi wa kwaya, mukiimba wimbo wa mutu, mutaje jina lake. Haiko kiburi mbele ya Mungu, ni kusema kweli.

Yule mama amekubali kuwa wa kwanza. Jumamosi atatuimbia. Mukuje wote.